Gari la Kwenda Kumchukua Mama Mkwe

Ukifika Kibiti, nyuma ya soko, muulizie Haruna fundi boti. Hata mgeni aliyeshuka basi jana atakuonesha. Haruna ni mzaliwa wa Mbwera, huko kwenye visiwa na vijito vya delta, na kabla hajaota ndevu alikwisha kuzijua injini za boti nje ndani. Alihamia huku juu kwa sababu mkewe, Fatu, alitaka binti yao Sabra apate sekondari ya karibu. Injini zikamfuata hukohuko. Wavuvi huzileta zimefungwa nyuma ya bodaboda, wanazitua kibarazani, wanakunywa chai ya Fatu na kungoja.

Ni mtu mfupi, mwenye tumbo la heshima na maneno mengi. Kazi anaiweza, hapo hana mpinzani. Kasoro yake ni moja tu: akishakijua kitu kimoja huamini amewajua na ndugu zake wote. Alijifunza injini ya boti, basi akajiona ameijua pikipiki, jenereta, cherehani ya Fatu na pampu ya msikiti. Mara nyingi mambo humwendea sawa, na hilo ndilo linalomharibu.

Gari analo pia. Ni saluni nyeupe ya Kijapani, ya gia za kujibadilisha zenyewe, na umri wake unamzidi Sabra. Mtaani wameibatiza Mwali, kwa sababu siku nyingi inashinda ndani, imefunikwa turubai, na siku ikitoka watu wanajitokeza milangoni kuitazama. Injini yake ikishapata moto huzima isipopewa mafuta kidogo, breki ya mkono ilikufa zamani, na kioo cha mlango wa nyuma kinashuka kikipenda. Haruna anaipenda hivyo hivyo.

Sasa, mwaka huu nyumba ya Haruna ilikuwa na jambo moja lililowanyima usingizi, nalo ni Bi Kijakazi, mama yake Fatu. Bibi huyo anaishi peke yake Nyamwage, kando ya barabara ya kwenda Lindi. Wakati wa masika aliteleza kisimani, akalala pale kwenye tope hadi jirani alipopita. Mfupa haukuvunjika, lakini tangu siku hiyo Fatu hakuwa na raha. Kila simu ya asubuhi ilimshtua. Alikwenda Nyamwage kumbembeleza mama aje wakae wote Kibiti, akarudi analia. Akaenda tena, akarudi analia tena. Bi Kijakazi alikuwa na jibu lilelile: kwake ni kwake.

Halafu, bila mtu kutegemea, akalegeza. Alisema atakuja alale usiku mmoja, aone. Sharti lake lilikuwa kwamba anayemtaka aje mwenyewe mlangoni, na anayemtaka si Fatu, ni mwenye nyumba.

"Yaani mimi?" Haruna aliuliza.

"Wewe. Na ujue, baba Sabra, hii ndiyo nafasi yetu moja," Fatu alimwambia. "Hilo gari likikwama njiani, mama atasema si mimi niliyekataa, ni Mungu. Atapanda basi arudi kwake, na huko ndiko siku moja tutamkuta ameanguka hana wa kumwinua. Namjua mama yangu."

Haruna alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kwanza, Mwali alikuwa anaumwa. Ukiweka gia alikaa akifikiri kwanza, kisha akashtuka na kuondoka kwa kishindo. Pili, kulikuwa na suala la ukwe.

Bi Kijakazi ni mtu wa adabu za zamani. Kwake mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye mkeka mmoja, na neno likiwapo hupitia kwa binti. Vijana wa siku hizi wanawatania wakwe zao na kuwatumia meseji za vichekesho. Bi Kijakazi akisikia hayo hutema mate pembeni. Miaka yote ya ndoa, Haruna alimsikia mkwewe nyuma ya pazia, na kama angetakiwa kumtambua kati ya watu, angemtambua kwa miguu, maana ndiyo aliyoizoea kuitazama. Na sasa walitakiwa wasafiri wao wawili tu, kwa kuwa Fatu alibaki kupika na kutengeneza chumba.

Suala la ukwe halikuwa na spana. La Mwali lilikuwa nayo, basi Haruna akaanza na hilo.

Alinunua galoni ya yale mafuta mekundu ya gia boksi ambayo mafundi wa huku huyaita haidroliki. Asubuhi akaipandisha Mwali juu ya magogo mawili ya mnazi, kama wanavyopandisha boti inayozibwa nyufa kwa kalafati, akazuia matairi kwa mawe, akaingia chini na beseni. Alipofungua boliti ya sampo, lile bakuli la mafuta chini ya gia boksi, mafuta yalitoka meusi tii, yananuka kama maandazi yaliyosahauliwa jikoni. Haruna alifurahi. Fundi akiona uchafu hufurahi, kwa sababu ameupata ugonjwa.

"Fatu! Njoo uone huyu mtoto alichokuwa anakunywa."

Fatu alikuja, lakini hakuyaona mafuta. Aliliona beseni. Ndilo alilolinunua juzi kwa ajili ya kufulia shuka za mama yake. Yaliyosemwa hapo hayahusiani na gari.

Mwalimu Gaudens alipita wakati huo akitoka dukani na mkate. Ni jirani, mtu wa kutoka huko Moshi, anafundisha fizikia, na amewahi kuwa na gari kama hilo. Aliinama, akaangalia beseni.

"Haruna, kiasi kilichotoka ndicho urudishe, usizidishe. Humo ndani yamebaki mengine yasiyotoka. Halafu hupimi injini ikiwa imelala. Iwashe, ipate moto, ukanyage breki, upitishe gia zote moja moja, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia injini ikiwa inaunguruma."

"Mwalimu, wewe kawahi kipindi," Haruna alimjibu kutoka chini ya gari. "Mashine ni mashine."

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo fundi aliyekulia gereji za mjini asingelifanya. Mguu wa injini ya boti, kule chini penye pangaboi, una matundu mawili. Unajaza mafuta kwa tundu la chini hadi yafurike tundu la juu; yakifurika, umeshiba, unafunga, unakwenda zako baharini. Haruna amefanya hivyo tangu utotoni, na mkono wake haujui namna nyingine. Basi alifunga boliti ya chini, akachomeka mrija kwenye tundu la kijiti, akamimina. Akamimina tena. Akamimina hadi mafuta yalipochungulia shingoni mwa mrija. Kijiti kilikuwa na alama zake mbili, ya baridi na ya moto, lakini Haruna alikifuta tu kwa kitambaa akakirudisha.

Alizunguka soko mara moja. Mwali aliondoka laini, bila kishindo wala kufikiri. Haruna alipiga honi mbele ya nyumba ya Gaudens, bila sababu yoyote ya maana.

Kwenda Nyamwage gari lilikwenda vizuri. Alivuka Ikwiriri, akavuka daraja, akiimba. Bi Kijakazi alikuwa amekaa mlangoni amejifunika kanga mbili, na mfuko mmoja mdogo mapajani, mfuko wa mtu wa usiku mmoja. Haruna alisalimia huku akitazama kizingiti. Bibi aliitikia huku akiutazama mwembe wa jirani. Akaingia nyuma, akafunga mlango, na wakaondoka.

Hawajafika mbali, simu ya Haruna ikaita. Akaiweka sauti ya juu.

"Mama anasema upunguze mwendo," ilisema sauti ya Fatu kutoka Kibiti.

Haruna alitupa jicho kwenye kioo. Bi Kijakazi alikuwa na simu yake ndogo mkononi, anatazama nje.

"Mwambie nimepunguza."

Simu ya nyuma ikaita. "Anasema amepunguza, mama." "Nimesikia," alisema Bi Kijakazi. Baada ya muda simu ya mbele ikaita tena. Mama anauliza, hicho kioo hakipandi? Haruna akajibu kwamba kinapanda kikipenda. Jibu likasafiri hadi Kibiti, likarudi kiti cha nyuma. Fatu alikuwa anakaanga samaki kwa mkono mmoja, na nadhani hakuna mtu Tanzania nzima aliyefanya kazi kama yake siku hiyo.

Kisha wakaingia pale penye msitu, ambapo nyumba hakuna na mtandao hakuna, na Mwali akaanza vituko. Injini ilipiga kelele lakini mwendo haukuongezeka. Haruna alikanyaga, ikalia zaidi, ikavuta kidogo, ikaachia. Moshi mweupe ukapanda kutoka chini, na harufu ya kuungua ikawaingia. Akaliongoza gari pembeni, mahali pa tambarare, likasimama.

Alipofungua boneti, haidroliki mpya ilikuwa imetapikwa kila mahali, inachuruzika kwenye bomba la moshi na kufuka. Akachomoa kijiti. Kilikuja na povu jekundu kama sabuni iliyopigwa. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Gia boksi ilikuwa imejazwa kupita kiasi, vyuma vyake vinapiga mafuta kama mwiko upigavyo uji, na povu halisukumi kitu. Maneno ya Gaudens yakamrudia yote, neno kwa neno, pamoja na mkate.

Haruna aliogopa. Si kuogopa gari, gari angelivuta hata kwa ng'ombe. Kichwani alimwona Fatu amesimama mlangoni na shuka zilizofuliwa, akimwona yeye anarudi peke yake. Nyuma, Bi Kijakazi alijaribu simu, akaitikisa, akaiweka mapajani karibu na ule mfuko wake. Alitazama barabara upande wa basi linalotoka Dar kwenda kusini. Haruna aliyaona macho yale kupitia dirishani.

Alingoja povu litulie na bomba lipoe. Kwenye buti mlikuwa na mpira wa mafuta wa boti, ule wenye tumbo la kubinya katikati, maana fundi boti hatembei bila mpira huo. Akaufunga kampira kembamba mbele, akakashusha kwenye tundu la kijiti, akabinya, na mafuta yaliyozidi yakaanza kutoka kidogo kidogo kuingia kwenye dumu. Sehemu hiyo ilikuwa rahisi. Ngumu ilikuwa kupima. Injini ilitakiwa iwake, na ikiwa ya moto huzima asipoishikia waya wa mafuta kwa mkono, na waya uko huku mbele chini ya boneti, na breki iko kule ndani, na gia iko kule ndani. Haruna alikuwa na mikono miwili tu na yote ilikuwa huku.

Alisimama, akajifuta jasho, akajipaka uso mzima haidroliki. Halafu, kwa kuwa hakuwa na wa kupitishia neno, akazungumza na gari.

"Mwali," alisema kwa sauti ya kusikika, "lau ungekuwa na mtu wa kukukanyagia breki, tungeondoka hapa."

Ndege alilia msituni. Kisha kutoka kiti cha nyuma ikaja sauti, nayo ilielekezwa kwa gari.

"Mwali, mwambie bwana wako, kama ni mguu, mguu ninao."

Mlango ukafunguka. Bi Kijakazi alizunguka, akaingia kiti cha dereva, akajikunjia kanga vizuri, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe. Haruna aliweka mawe mbele na nyuma ya matairi, mengi kuliko yaliyohitajika. Akarudi kwenye boneti, akaunganisha nyaya za kuwashia, injini ikawaka.

"Mwali, mwambie mama akanyage breki."

Bi Kijakazi akakanyaga. Injini ikanguruma mpaka boneti ikatetemeka.

"Mama, siyo hiyo! Breki, mama! Ya kushoto!"

Ngurumo ikakoma. Haruna akaganda na kijiti mkononi. Alikuwa amempigia kelele mama mkwe, tena kwa kinywa chake mwenyewe. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya pale ni ngumu.

"Ya kushoto sema tangu mwanzo," Bi Kijakazi alisema, safari hii akimtazama moja kwa moja kupitia upenyo wa boneti. "Unaanza kulieleza gari, gari litajua nini? Haya, nimekanyaga. Halafu?"

"Halafu... shika hicho kirungu cha gia, mama. Bonyeza pembeni, vuta nyuma mpaka kilie tiki."

"Kimelia. Lo! Gari limeshtuka, baba Sabra!"

"Lazima lishtuke. Usiachie mguu. Vuta tena."

"Kimelia."

"Tena."

Walifika mwisho, wakarudi mbele, tiki moja moja. Haruna akachomoa kijiti: bado yamezidi. Akazima, akabinya mpira, akawasha. Bi Kijakazi hakungoja kuambiwa. Alikanyaga, akavuta gia zote kwenda na kurudi, akatoa kichwa dirishani.

"Vipi?"

"Bado, mama. Yamezidi kidogo."

"Basi toa tena. Unaogopa nini? Nani aliyeyajaza hivi?"

Haruna angeweza kusema ni fundi mmoja wa mjini. Jina lilikuwa karibu kabisa na ulimi.

"Mimi," alisema. "Niliambiwa, nikabisha."

"Ahaa," alisema Bi Kijakazi, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. "Toa tena."

Wakaendelea hivyo, jua likiwa kali, malori ya kusini yakipita na kupiga honi kumwona bibi wa kanga mbili kwenye usukani na mwanamume mwekundu kama ameogeshwa rangi. Hatimaye Bi Kijakazi alisema gari sasa limetulia, halimpigi teke akivuta. Haruna akachomoa kijiti na kweli, mafuta yalikuwa palepale kwenye alama ya moto. Alicheka kwa sauti, akasahau adabu zote, akamwonesha mkwewe kijiti kama mtu aliyevua samaki mkubwa. Bi Kijakazi alikikagua kwa makini, akatikisa kichwa kukubali.

Alipotoka kwenye kiti cha dereva hakurudi nyuma. Alizunguka akakaa mbele. Mwali akaondoka laini.

Kisha Bi Kijakazi akaanza, macho yakiwa barabarani.

"Fatu kila akija ananiambia, mama, njoo upumzike. Njoo ukae, tutakupikia, tutakufulia. Nimezaa, nimelima, nimezika mume, halafu niende nikawekwe kwenye kiti nitazamwe? Heri niteleze kisimani kwangu." Akajifunga kanga upya. "Hivi huko kwenu mtu mzima anaweza kupata kazi ya kufanya?"

Haruna hakufikiri. Akifikiri angesema jambo la adabu.

"Kazi, mama? Kazi zimejaa. Wavuvi wanashinda barazani hawana wa kuwapokea, chai inamshinda Fatu, nyuma kuna kiwanja kimeota majani mpaka dirishani. Hili gari peke yake linataka mtu wa pili."

Hapo hapo akajisikia vibaya. Mwanamume mzima, anamtangazia mkwewe kazi, kana kwamba anatafuta kibarua. Fatu akisikia itakuwaje? Alimtazama bibi kwa pembe ya jicho. Bi Kijakazi alikuwa amekaza midomo.

"Geuza gari," alisema.

"Mama?"

"Nimesema geuza. Tunarudi Nyamwage."

Haruna aligeuza. Ameshabisha vya kutosha wiki ile. Aliendesha polepole, akitunga maneno ya kumwambia mkewe na kuyakataa yote. Mwali alibadilisha gia bila kelele. Fundi mwingine angefurahi. Yeye aliona angefurahi zaidi kama lingezimika hapo hapo, angalau safari isifike mwisho.

Mlangoni, Bi Kijakazi alishuka bila kuaga, akaingia ndani. Haruna alibaki amekaa, akaliegemeza paji la uso kwenye usukani. Akasikia vitu vinaburutwa. Akasikia kuku wanalalamika. Alipoinua kichwa, mkwewe alikuwa amekwisha kuweka uwanjani kinu na mchi, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, sufuria tatu ndani ya ungo, na tenga la kuku. Alifunga mlango kwa kufuli, akaivuta kuhakikisha. Kisha akaenda ukingo wa uwanja, akamwita jirani yake Mwanaidi, akampa jembe.

"Chukua, ulime na lile shamba la bondeni lisilale," alimwambia. "Ukivuna uniletee mchele Kibiti. Utanikuta."

Haruna alishuka haraka, akazunguka nyuma ya gari, akachuchumaa akajifanya anakagua tairi. Machozi yalimtoka, na kila alipoyafuta kwa mkono wenye haidroliki macho yakazidi kuwasha.

"Baba Sabra," sauti ya mkwewe ilimfikia, "hilo tairi lina nini tena? Fungua buti, jua linakwenda."